Nasaba ya Waridi na Jamaa Zake wa Majani Matano

Jioni hii nimekusudia kukusimulieni habari za ukoo mmoja wa mimea ambao ni nadra kupata mfano wake kwa wingi wa jamaa zake na kwa manufaa ambayo mwanadamu ameyapata kwao, nao ni ukoo wa waridi. Mtu wa mwambao hulijua waridi kwa harufu kabla ya kulijua kwa sura, kwa maana mrashi umempitia arusini na maulidini tangu utotoni mwake. Lakini huyo huyo, akila tufaha au peasi, pichi au mishmish, lozi au stroberi, aghlabu haimpitii akilini ya kuwa vyote hivyo, juu ya kuhitilafiana kwao kwa umbo na ladha, vina nasaba moja na ua lililotoa marashi yale. Wanazuoni wa mimea wanauhesabia ukoo huu jenasi zipatazo 90 na aina zinazokaribia 3,000, nyingi zikiwa na maskani yao katika nchi za kaskazini zenye majira ya baridi, na chache, tutakazozifikia baadaye, zikiwa katika milima yetu wenyewe.

Ingekuwa desturi kuanza na waridi lenyewe, kwa kuwa ndilo lililoupa ukoo jina lake. Mimi sitafanya hivyo, na udhuru wangu ni kwamba waridi la bustani ni shahidi asiyeaminika. Kwa karne nyingi watunza bustani wamekuwa wakilichagua na kulizalisha kwa ajili ya wingi wa petali zake, hata stameni, yaani zile nyuzi za kiume zibebazo chavua, nyingi zikageuka kuwa petali nazo. Na mtu akilifumua waridi lililokatwa Naivasha kwa ajili ya masoko ya Ulaya, akitaka kujua Mola aliliumba na petali ngapi, atahesabu thelathini au arobaini na asipate jibu. Afadhali basi tumwendee jamaa mnyonge, ambaye hakuna mfalme aliyemtia katika bustani yake, na kwa sababu hiyo hiyo amebaki na viungo vyake kama vilivyokuwa.

Jamaa huyo ni mmea ambao jenasi yake wataalamu huiita Potentilla, nasi kwa wepesi wa ulimi tutauita potentila. Aina zake ni mamia, zimeenea Ulaya, Asia na Marekani ya Kaskazini, toka pwani hata milima yenye theluji na nchi za karibu na ncha ya dunia. Ijulikanayo zaidi na wapita njia wa Ulaya ni ile itambaayo, Potentilla reptans, ambayo huonekana kando ya njia, katika malisho na katika viwanja vilivyokanyagwa. Hutoa vitawi virefu vyembamba vinavyotambaa juu ya ardhi, na kila kifundo cha kitawi kikigusa udongo hutia mizizi na kuwa mche mwingine, hata mkulima aliyeung'oa asubuhi akadhani amemaliza kazi huukuta tena baada ya siku chache ukiwa mahali pengine. Jani lake ni vijani vitano vilivyotoka katika nukta moja mwishoni mwa kikonyo, kila kimoja kikiwa na meno pembeni; na pale kikonyo kinaposhikana na shina pana vijani vingine viwili vidogo, vinavyoitwa stipuli, ambavyo mtazamaji mwenye haraka havioni, na mtaalamu huvitafuta kabla ya kutazama jambo jingine lolote.

Ua lake ni la manjano, lina petali tano zilizoachana, kila moja ikiwa na pengo dogo katikati ya ncha yake. Ukiligeuza ua hilo chini juu, utakuta vijani vya kijani vinavyolishikilia si vitano bali kumi: vitano vya ndani ndivyo sepali, yaani vile vilivyolifunika ua lilipokuwa bado tumba, na vitano vya nje, vilivyopangwa kwa zamu baina ya vile vya ndani, ni safu ya ziada ambayo wataalamu huiita epikalisi. Safu hii tuiweke akilini, maana si kila jamaa wa waridi anayo, na wale walio nayo tutawatambua kwayo hata wakijificha vipi. Ndani ya petali mna stameni zipatazo 20, na katikati kabisa, juu ya kitako kidogo kilichoinuka, zimekusanyika pistili nyingi ndogo, kila moja ikiwa na ovari yake, mbegu yake, na ushingo wake wa kupokea chavua. Petali zikianguka, sepali hujifunga tena juu ya pistili hizo, nazo hukauka zikawa vitunda vigumu vidogo kama chembe za mchanga, visivyo na nyama wala utamu wa kumvuta ndege. Kwa mtu mwenye njaa, potentila hana kitu.

Lakini palipo muhimu kupita pote katika ua hili ni mahali ambapo petali na stameni zimekalia. Hazikutoka katika kitako kilichobeba pistili. Zimetoka kwenye ukingo wa kikombe kifupi, kipana, kilichofanyika kwa kuungana chini kwa sepali, petali na stameni, kikakizunguka kitako pande zote. Kuna ua jingine la manjano, la jenasi ya Ranunculus, linalomea katika majani yayo hayo ya Ulaya na hata katika vinamasi vya nyanda zetu za juu, ambalo kwa mbali halitofautiani na la potentila hata kidogo: petali tano, stameni nyingi, pistili nyingi. Ukitaka kuyapambanua, shika sepali ukazivute polepole. Katika ranunkulasi zitakuja peke yake, na stameni zitabaki zimesimama mahali pake. Katika potentila sepali zitakuja na ukingo wa kikombe, na stameni zitafuatana nao. Jambo hili Linnaeus wa Sweden alilitambua, na katika kitabu chake cha mwaka 1753, alipoigawa mimea yote kwa hesabu na makao ya stameni, aliziweka potentila na waridi, stroberi na tufaha katika darasa moja la mimea yenye stameni 20 au zaidi zilizokalia sepali, na ranunkulasi akaitia katika darasa jingine, la zile ambazo stameni zake zimekalia kitako. Madarasa mengi ya Linnaeus yamekwisha kuvunjwa, kwa kuwa yalikusanya wageni wasiojuana. Lakini hili moja lilielekea haki, hata Antoine Laurent de Jussieu alipouandika ukoo wa waridi mjini Paris mwaka 1789 alikuta sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanywa.

Msidhani, hata hivyo, kwamba tano ni hesabu isiyovunjwa. Iko potentila nyembamba ya nyika za baridi na milima yenye udongo mchachu, Potentilla erecta, ambayo ua lake lina petali nne, na sepali zake pamoja na epikalisi ni nane. Juu ya ardhi ni mmea wa kudharauliwa. Chini ya ardhi ana mzizi mnene wenye mafundo, ambao ukikatwa hugeuka mwekundu kama uliojeruhiwa, na ndani yake mna tanini nyingi kupindukia. Katika visiwa vya kaskazini mwa Uskoti na katika visiwa vya Faroe, ambako upepo wa bahari hauachi mti mkubwa kusimama, na kwa hiyo hapakuwa na magome ya kudabaghia ngozi, watu walichimba mizizi hii midogo midogo, wakaiponda na kuichemsha, wakadabaghia ngozi zao, na wavuvi wakaziloweka nyavu zao ndani yake ili zisioze, kama magome ya mkandaa yalivyotumika kwetu. Tuwafikirie watu waliolazimika kuchimba mzizi usiozidi urefu wa kidole, mmoja baada ya mmoja, hata ikapatikana ya kutosha ngozi moja ya ng'ombe; basi sitashangaa kusikia ya kwamba viatu vya huko vilitunzwa kwa heshima. Tanini hiyo hiyo hukaza utumbo, na ndiyo sababu tokea zama za kale mzizi huu umekuwa dawa ya tumbo la kuhara katika nchi nyingi za Ulaya.

Ndugu yake mwingine, mwenye majani marefu yaliyopangwa vijani huku na huku, yenye manyoya meupe yang'aayo kama fedha upande wa chini, ni chakula. Mizizi yake minene ililiwa katika nyanda za juu na visiwa vya Uskoti kabla viazi havijafika, na mpaka leo Watibeti huichimba katika malisho yao, huiita droma, nao huipika pamoja na wali na siagi katika siku za sikukuu. Wataalamu wengine sasa wamemtoa katika potentila na kumpa jenasi yake mwenyewe. Ugomvi huo nitawaachia wao.

Sasa turudi kwenye kile kikombe na kile kitako, kwa kuwa siri ya matunda yote ya ukoo huu imo humo. Katika potentila vyote viwili hubaki vikavu. Katika stroberi, kitako ndicho kinachovimba, kikajaa maji na sukari, kikawa chekundu. Na zile chembe zilizotapakaa juu ya ngozi yake, ambazo watu huziita mbegu, kila moja ni tunda kamili, ndugu wa vitunda vikavu vya potentila, lililosukumwa mbali na mwenzake kwa kuvimba kwa kitako. Mwenye stroberi mkononi na atazame kofia ya kijani iliyo juu yake, ahesabu vijani vyake: atakuta safu mbili, sepali na epikalisi, kama tulivyoziona kwa potentila. Stroberi kubwa ya masokoni, kwa hakika, si zawadi ya maumbile peke yake. Mwaka 1714 afisa mmoja wa Kifaransa, Amédée-François Frézier, alirudi toka Chile na miche ya stroberi yenye matunda makubwa, nayo miche hiyo, kwa kuwa ilikuwa ya kike mitupu, haikuzaa vizuri mpaka ilipopandwa karibu na stroberi iliyotoka Marekani ya Kaskazini. Katika kuoana kwa hizo mbili, juu ya ardhi ya Ulaya ambayo si kwao zote mbili, ndipo ilipozaliwa stroberi tuilayo. Kijana Antoine Nicolas Duchesne ndiye aliyeifahamu ndoa hiyo na kuieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1766.

Katika waridi mambo ni kinyume. Kitako hakiinuki, kikombe ndicho kinachoinuka, kikazidi kuwa kirefu, kikajifunga juu mfano wa gudulia, na pistili zikabaki zimefungiwa ndani. Ua likinyauka gudulia hilo hugeuka jekundu na kuwa laini, na ndani yake mna vitunda vikavu vyenye manyoya ya kuwasha koo. Nyama ya gudulia ina vitamini C kwa wingi, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli za machungwa zilipokuwa hazifiki, Waingereza walitumwa vichakani kukusanya matunda ya waridi la mwitu ili ipikwe sharubati ya watoto. Katika tufaha na peasi kikombe kimekwenda mbali zaidi: kimezikumbatia pistili tano, kikashikana nazo, kikanenepa, na sehemu kubwa ya nyama tunayoila ni kikombe hicho. Anayetaka ushahidi na alikate tufaha kwa upande, aione ile nyota ya vyumba vitano. Kisha atazame tundu lililo upande usio na kikonyo, aone sepali tano zilizokauka na mabaki ya stameni, vyote vikiwa bado vimeng'ang'ania ukingo wa kikombe. Pichi, plamu, mishmish na lozi zina pistili moja tu, iliyo huru katikati ya kikombe. Kikombe hukauka na kuanguka, na pistili hujifanya tunda peke yake, lenye ngozi, nyama na kokwa. Katika pichi tunakula nyama tukatupa kokwa. Katika lozi tunatupa nyama, tukavunja kokwa, tukala kilicho ndani. Mkungu wa pwani yetu, ambao kokwa yake watoto huivunja kwa mawe wakala kiini chenye ladha ya lozi, hauna udugu wowote na watu hawa.

Na waridi la mwitu, lile lisiloguswa na mtunza bustani, lina petali tano kama potentila, bali halina epikalisi. Badala yake lina mzaha mmoja katika sepali zake ambao wapenzi wa mimea huko Ulaya waliufanya kitendawili tangu zamani: katika ndugu watano, wawili wana ndevu pande zote mbili, wawili hawana ndevu kabisa, na wa tano ana ndevu upande mmoja. Sababu ni kupangana kwa sepali ndani ya tumba: kila ukingo uliokuwa nje, wazi kwa jua, uliota vishada vya nyuzi, na kila ukingo uliofunikwa na mwenzake haukuota kitu, na sepali mbili ziko nje pande zote, mbili ziko ndani pande zote, na moja iko nusu kwa nusu. Waridi la Jabal Akhdar, ambalo Waomani hulichuma katika siku za machipuko, alfajiri kabla ya jua kuipeperusha harufu, kisha wakalitia katika vyungu vya kukenekea marashi, ni la ukoo wa waridi la Damasko, lenye petali nyingi. Nalo hata kwa hayo halikuacha sepali zake tano, kwa kuwa mchumaji hakuzijali sepali wala hakuzichagulia, na kisichochaguliwa hubaki kama kilivyokuwa.

Mtu aweza kudhani, baada ya maneno haya, kwamba nasaba husomeka kwa macho. Husomeka, lakini kwa tahadhari. Huko Asia kuna mmea utambaao wenye majani ya vijani vitatu na tunda jekundu la mviringo lenye chembe juu yake, na kila alionaye husema ni stroberi, akalitia kinywani, akakuta halina ladha ya kitu chochote. Ua lake ni la manjano, ilhali la stroberi ni jeupe, na epikalisi yake ni pana kupita sepali, yenye meno matatu kwenye ncha. Naye kwa hakika ni potentila, aliyejivimbisha kitako kwa njia yake mwenyewe. Hapo zamani alipewa jenasi yake kwa heshima ya yule kijana Duchesne, na sasa amerudishwa nyumbani. Kinyume chake, wataalamu walipoanza kuisoma ile hati ya urithi iliyo ndani ya chembe hai, katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 na kuendelea, walikuta stroberi ya kweli haiko karibu na potentila kama ilivyodhaniwa. Jirani zake wa damu ni wengine, na miongoni mwao umo mmea ambao mpanda mlima Kenya au Kilimanjaro hupita juu yake kwa viatu bila kuuuliza jina.

Huo ni wa jenasi ya Alchemilla. Juu ya msitu, ambako mianzi na miti mirefu imekwisha na baridi ya usiku hugandisha maji, vichaka vyake vimetandaa kwa maili nyingi. Mmoja wao, Alchemilla argyrophylla, una majani yenye manyoya ya fedha, na mwingine, Alchemilla johnstonii, umepewa jina la Harry Johnston, aliyeuzuru mlima Kilimanjaro mwaka 1884. Maua yake ni madogo sana, ya kijani kibichi, hayana petali hata moja, wala hapana mtu angeyadhania kuwa na uhusiano na waridi. Lakini tukilichukua ua moja chini ya kioo cha kukuzia, tutakuta sepali nne, na nje ya sepali, zimepangwa kwa zamu, safu ya pili ya vijani vinne. Ni epikalisi, ile ile tuliyoiweka akilini. Petali zimeachwa na stameni zimepungua hata kufika nne. Safu ya ziada, ambayo mtu angesema ndiyo ya kuachwa kwanza, imebaki. Tena nyingi za jenasi hii huzaa mbegu bila yai kurutubishwa, kila mtoto akawa nakala ya mama yake. Nazo potentila nyingi hufanya hivyo pia, na ndiyo maana hesabu za aina zake hazilingani katika vitabu viwili.

Kuna jamaa wengine wawili katika milima yetu ambao ningewadhulumu kama ningefunga mazungumzo bila kuwataja. Mmoja ni mdobore, Hagenia abyssinica, mti wa karibu na mwisho wa misitu, toka Uhabeshi hata milima ya Virunga iliyo mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda, wenye vishada virefu vya maua vinavyoning'inia. Mti wa kike mbali na mti wa kiume, na vishada vya kike vikiwa na wekundu usiotokana na petali, kwa kuwa petali zake hazionekani kwa urahisi. Wahabeshi, ambao hupenda nyama mbichi ya ng'ombe, wamekunywa maua ya kike ya mti huu kwa karne nyingi ili kuwatoa tegu tumboni, nayo dawa hiyo, iitwayo koso, ilifika hata katika maduka ya dawa ya Ulaya.

Wa pili ni ule ambao Wakikuyu huuita muiri, na wataalamu Prunus africana, ndugu wa plamu na lozi. Huweza kupita mita 30 kwa urefu, na mwenye kutaka kuujua bila kitabu na apondeponde jani lake mkononi, anuse: ni harufu ya lozi chungu, ile ile iliyomo katika kokwa ya mishmish, itokayo pale tishu zikivunjwa na maji ya jani yakakutana na kimeng'enya chake, ikatoka pamoja na sumu kidogo ya kulilinda jani na walaji. Magome yake yalikuwa dawa ya wenyeji. Kisha mwaka 1966 Mfaransa mmoja akaandikisha hati ya kumiliki matumizi yake katika kutibu tezi ya wanaume wazee inapovimba, na tangu siku hizo magome yakawa yakisafirishwa Ulaya kwa matani, toka Kameruni, Madagaska, Kenya na kwingineko. Mti uliobanduliwa magome upande mmoja huweza kupona. Uliobanduliwa mzunguko mzima aghlabu hukauka ungali umesimama, na wabanduaji wengi hawakuwa na subira ya upande mmoja. Tangu mwaka 1995 biashara ya magome hayo imo chini ya mkataba wa kimataifa unaosimamia viumbe vya mwituni, na shehena haivuki mpaka ila kwa kibali cha serikali ya nchi ulikomea mti.